Namwogesha mama mkwe huku moyo una hasira: je, mimi ni mnafiki?

*Shangazi, shikamoo. Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki vizuri. Tunaishi naye hapa Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Tunduma, kwa mwezi namwona siku chache. Nimefunga genge langu la mboga ili nimhudumie mama. Siku nikizidiwa, binti yangu wa kidato cha pili haendi shule, anabaki kunisaidia. Mawifi na mashemeji wako Dar es Salaam, wao hupiga simu kumsalimia mama, basi. Na mama huyu ndiye aliyeniita tasa miaka minne mbele za watu, akamtafutia mwanawe mke mwingine. Namwogesha, namlisha, lakini moyoni nina hasira. Kuna usiku nimetamani Mungu amchukue. Jumuiya wananiambia upendo huvumilia yote. Je, mimi ni mnafiki? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Mnafiki hutenda ili aonekane. Wewe unaamka usiku wa manane kumgeuza mama asipate vidonda vya mgongoni, nyumba nzima imelala, hakuna wa kukusifu. Huo si unafiki hata kidogo. Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba adui yako akiwa na njaa, mlishe. Hakusema usubiri kwanza mpaka umpende moyoni ndipo upike uji. Kila Alhamisi Kuu tunamwona padre akiosha miguu ya watu kumi na wawili, na kila mmoja wao ametoka kwake ameshaiosha vizuri. Miguu unayoiosha wewe haijatayarishwa na mtu. Ninaamini kwa moyo wote kwamba Kristo anauona usafi unaoufanya chumbani kwa yule mama.

Hasira yako ina sababu. Kuitwa tasa miaka minne ni jeraha. Paulo anaposema upendo hauhesabu mabaya, hasemi kwamba mabaya hayakutokea. Nadhani kuna neno ulilokuwa unalisubiri kutoka kwa mama, na sasa kiharusi kimemfunga ulimi. Wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi bado wanaelewa wanachoambiwa. Basi siku moja iliyotulia, si siku ya hasira, kaa karibu naye umwambie kwa heshima: mama, yale maneno yaliniumiza, nataka kuyaachilia. Usimdai jibu. Ukiona bado huwezi, mwambie Mungu kwanza, kwa maneno yaleyale makali yaliyomo moyoni. Zaburi zimejaa watu waliosali hivyo.

Kuhusu kutamani afe: mara nyingi uchovu ndio unaosema hivyo. Lakini ikifika siku unahisi mkono wako unataka kumdhuru, au kujidhuru mwenyewe, toka chumbani, mwite jirani, kisha uende ukamwone daktari. Usione haya.

Sasa niseme lile linaloniudhi. "Upendo huvumilia yote" ni maneno matakatifu, na watu wanayatumia kukufunga mdomo. Sura hiyohiyo ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza inasema upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Na kweli ni hii: mama ana watoto kadhaa, na anayebeba mzigo ni mkwe peke yake. Ukinyamaza, hao watoto unawaacha wazame katika dhambi yao. Yesu katika Marko 7 aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Leo wapo wanaotoa ahadi nene kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa huku mama yao hana nepi. Paulo naye anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani.

Soma tena habari ya Msamaria mwema, Luka 10, ila usiishie pale anapompandisha majeruhi juu ya mnyama wake, maana mahubiri mengi huishia hapo. Kesho yake alitoa dinari mbili, mshahara wa siku mbili wa kibarua, akampa mwenye nyumba ya wageni amtunze yule mtu, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kisha akaendelea na safari yake. Alimpenda kwelikweli, na bado alimshirikisha mwingine kazi na hakuiacha safari. Sioni mahali Bwana anapomlaumu kwa hilo.

Kwa hiyo, binti arudi shule Jumatatu ijayo, na asikose tena kwa sababu ya bibi yake. Hapa sina simile. Kujitoa ni kutoa kilicho chako. Masomo ya mtoto ni ya mtoto, hayako mikononi mwako uyatoe sadaka.

Jumuiya wakija kusali, washukuru, kisha uwaombe kitu kinachoshikika: akina mama wawili Jumanne, wawili Alhamisi, saa tatu hadi saa saba, wewe ufungue genge. Waonyeshe namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kwamba akila awe ameketi wima, chakula laini, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Muulize pia afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo katika hospitali za umma. Na mazoezi ya viungo yasiachwe. Yakifanywa kwa utaratibu, huenda mama akaweza kujisogeza mwenyewe, nawe upumue.

Kikao cha familia usikiitishe wewe. Utaambiwa mkwe amechoka na mama yetu. Akiitishe mumeo, huyo ni mama yake kabla hajawa mkwe wako. Mwandikie gharama zote za mwezi kwenye karatasi: dawa za presha, nepi, sabuni, nauli ya hospitali, na mshahara wa dada wa kusaidia kazi. Kila mtoto ataje kiasi chake na tarehe ya kutuma. Asiye na fedha aje akae na mama wiki nzima, alale chumba kilekile. Mumeo akirudi safari hii, mwache ale, apumzike, kisha mpe hiyo karatasi kabla hajapanda lori tena.