Re: Kwanini Braunston kuna madaraja mawili yamekaa pamoja?

Mkuu umeuliza kwanini pale Braunston, Northamptonshire, Uingereza, kuna madaraja mawili ya chuma yanafanana kama mapacha. Ni sababu ya farasi. Pale ndo mfereji wa Oxford unakutana na mfereji wa Grand Union, njia panda ya maji yenye matawi mawili, na zamani boti zilivutwa na farasi anayetembea kando kwa kamba ndefu, sasa akifika penye tawi lazima avuke, ndo wakamjengea daraja kila tawi.

Ukienda usiishie hapo mzee, panda zile loki sita (vyumba vya maji vyenye mageti, vya kupandishia na kushushia boti) taratibu, simama uangalie mtu anavozungusha hendeli, maji yanaanza kuingia kwa kishindo na boti nyembamba yenye upana wa mita mbili hivi inanyanyuka polepole mpaka unaonana uso kwa uso na nahodha. Mbele mfereji unapita kwenye handaki la 1796 chini ya kilima, urefu karibu mita 1,870, ndani hamna njia ya farasi, kwa hiyo farasi alipitishwa juu ya kilima na watu wakalala chali kwenye boti wakisukuma ukuta kwa miguu gizani ili boti isonge. Kwangu mimi hilo ndo linanigusa kuliko madaraja.