Sinia la matunda na jibini msimu wa kaskazi: fikiria joto kabla ya rangi

Dada uliyeuliza jinsi ya kupamba sinia la matunda na jibini kwa wageni thelathini, hapa Malindi, mwezi wa pili, juu darini kuanzia saa kumi za alasiri: salaam aleikum. Naona waliotangulia wamekujibu mambo ya rangi na maua. Mimi kazi yangu ni kupamba meza za shughuli, Malindi na mara nyingine Lamu watu wakiniita kwenye harusi, na nakusihi kabla ya rangi ulifikirie joto.

Zile picha ulizotuonyesha ni za nchi za baridi. Kiangazi chao jua likishuka tu mtu hutafuta sweta. Huko jibini hutolewa kwenye friji saa nzima kabla wageni hawajafika, ili ilainike na ladha yake ifunguke. Kaskazi yetu haitaki hivyo. Mchana joto lapita digrii 30, upepo wenyewe umebeba unyevu wa bahari, na cheda ikikaa nje huanza kutoa mafuta juu na kulegea pembeni. Dakika kumi na tano zatosha kabisa kuilainisha. Halafu kuna afya za watu: chakula chepesi kuharibika kisikae nje ya friji kupita saa mbili, na joto likizidi digrii 32, ni saa moja tu. Kwa hiyo liache lile wazo la sinia moja kubwa la kufunika meza nzima. Panga masinia manne madogo. Mawili yatoke saa kumi, mawili yangoje ndani ya friji yakiwa tayari, yapande darini ya kwanza yakishuka. Wageni wataona meza mpya mara mbili, nawe hutakuwa na wasiwasi na tumbo la mtu.

Kwa kiasi, piga hesabu ya gramu 50 za jibini kwa kila mtu mzima, yaani kilo moja na nusu kwa watu wako. Matunda yawe mara tatu ya hapo au zaidi. Jibini ina chumvi na mafuta, mtu hali vipande vingi, na katika msimu huu matunda ndiyo fahari ya pwani. Hayo ndiyo yabebe sinia.

Sasa jibini zenyewe. Malindi tuna nafasi nzuri kwa sababu Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, basi mozarela, rikota na parmesani si vitu vigeni madukani, na gauda na cheda zatoka viwanda vya bara. Chukua zile ngumu: gauda, cheda iliyokomaa, parmesani ya kumegwa vipande vipande. Zile laini zenye ngozi nyeupe, kama brie, kwenye dari ya Malindi zitageuka uji kabla ya Magharibi. Tena hizo pamoja na jibini yoyote ya maziwa yasiyochemshwa usiwape waja wazito, kwani zaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mimba. Kwenye shughuli zetu hawakosekani mabibi wenye mimba changa ambao hawajamwambia mtu, kwa hiyo afadhali zisiwepo mezani kabisa. Kwa wazee ambao maziwa huwasumbua tumbo, jibini iliyokomaa haina shida sana, maana ile sukari ya maziwa karibu yote huwa imekwisha wakati wa kukomaa.

Hujauliza, lakini mgeni mmoja atauliza: je, jibini hii ni halali? Maziwa ya jibini nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na nyingine kwa kile kinachotengenezwa kwa vijidudu au mimea. Parmigiano Reggiano halisi ya Italia, kwa kanuni zake, lazima itumie cha ndama. Masheikh wana kauli zao tofauti juu ya jambo hili na mimi si wa kutoa fatwa, lakini mwenye nyumba ajue amenunua nini, asome paketi, na akiulizwa ajibu kwa uhakika. Zipo paketi zinazoeleza wazi kuwa zimetumia kimeng'enya kisicho cha mnyama. Mimi hununua hizo kwa shughuli za watu wengi, mambo yakaisha.

Au fanya jibini yako mwenyewe, na hapa ndipo ningependa wengi wajaribu. Paniri, ile jibini nyeupe ya Kihindi, haihitaji kimeng'enya chochote. Chemsha lita mbili za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yakiinuka epua, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga taratibu. Ndimu tatu au nne hutosha. Utaona maziwa yanajitenga, mabonge meupe huku na maji ya kijani-manjano kule. Hapo acha kutia ndimu. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, suuza kidogo kwa maji baridi kuondoa ukali, kamua, kisha kandamiza chini ya kitu kizito kwa saa moja au mbili. Utapata kama gramu 350. Ikate vipande vya mraba, pakaza chumvi, pilipili manga na bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, uzipitishe kwenye kikaango mpaka zipate rangi. Paniri haiyeyuki hata ukiichoma kwenye makaa, na kwa joto letu hiyo ni neema. Halumi, jibini ya Kupro, nayo ni hivyo hivyo, ukiipata.

Kwenye matunda, shika ya msimu. Mwezi wa pili maembe bado yapo. Ngowe ndiyo nipendayo kuliko yote kwa sinia: ndefu, imepinda ncha, nyama yake ya rangi ya chungwa lililokolea, na nyuzi karibu hakuna, kwa hiyo kisu kinapita safi. Boribo pia ni nzuri. Kata mashavu mawili kando ya kokwa, chora miraba bila kutoboa ganda, kisha ligeuze nje. Embe moja lililofanywa hivyo katikati ya sinia lapamba kuliko maua ya dukani. Weka na embe bichi kidogo, vipande vyembamba vya chumvi na pilipili, kwa sababu jibini yenye mafuta yataka kitu kikali kando yake. Wapwani tumekula embe bichi kwa pilipili tangu utotoni, basi mgeni akitia kipande hicho na gauda mdomoni mara moja ataelewa, hata kama jibini hakuizoea.

Jihadhari na nanasi na papai. Matunda haya yana vimeng'enya vinavyovunja protini. Ndiyo maana papai bichi hulainisha nyama ngumu. Nanasi bichi au papai likigusana na jibini laini, baada ya muda jibini huwa chungu na kuregarega. Yaweke, maana nanasi letu ni tamu, lakini upande wake, na jani la mgomba katikati. Tikiti maji lina balaa lake la maji: likate, lilaze juu ya kitambaa safi kwa nusu saa lichuruzike, ndipo liingie siniani. Pera na ndizi sukari zinyunyizie ndimu zisiwe nyeusi, na ndizi zikate mwisho kabisa. Pasheni ipasue nusu, uiache na ganda lake, kila mtu na kijiko. Komamanga likipatikana, punje zake zimwage juu ya paniri nyeupe. Stafeli sipendekezi siniani: tamu sana, lakini lachafua mikono na kupoteza umbo, lifae jusi.

Kupanga. Jani la mgomba lipitishe juu ya moto kidogo liwe laini na ling'ae, lifute, litandike juu ya sinia la shaba au la aluminiamu. Weka kwanza vibakuli viwili vitatu: asali, achari ya embe, tende zilizotolewa kokwa. Kisha jibini, kila aina pahali pake na kisu chake. Kisha matunda makubwa, yakilala kwa kufuatana kama vigae vya paa, rangi mbili zinazofanana zisikae pamoja. Mwisho jaza mianya kwa korosho za kukaanga. Hizo za kwetu za Kilifi na Lamu zikiwa mpya hazihitaji kitu kingine. Tende iliyotiwa kipande cha parmesani ndani yake huisha kabla ya kila kitu, fanya nyingi. Badala ya biskuti za paketi kata mkate wa mofa vipande vidogo. Ugumu wake wabeba jibini vizuri.

Maua: asmini na mawaridi ambayo hayakupuliziwa dawa, basi. Usiweke ua lolote linalotoa utomvu mweupe likichumwa, wala usichukue tu kilicho kizuri barazani. Maua mengi ya bustani zetu ni sumu na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Funika kwa kawa. Najua siku hizi watu huona kawa ni kitu cha jikoni kwa bibi, lakini ile ya ukili yenye rangi huzuia nzi, hupitisha hewa isikusanye mvuke juu ya matunda, na yenyewe ni pambo. Karatasi ya plastiki hutoa jasho ndani na kuharibu kila ulichokipanga. Chini ya sinia lenye jibini weka trei ya barafu iliyofunikwa kitambaa, na uzitafutie meza mahali penye kivuli, si ukingoni mwa dari ambako jua la alasiri hupiga mpaka mwisho.

Kwa wale wa Lamu waliouliza juu ya kubeba: msipange nyumbani. Mji wa kale ni vichochoro na ngazi, na kama shughuli iko Shela kuna boti. Beba jibini zima ndani ya sanduku la barafu, matunda mazima kikapuni, vibakuli vimefungwa, ukakate na kupanga pale pale. Kisu kikali na ubao ndivyo vya kutosahau.

Vinywaji darini: maji ya ukwaju yasiyozidi sukari, au ndimu na tangawizi. Jusi ya embe juu ya embe na jibini huchosha ulimi.

Matunda yatakayobaki, yale ambayo hayakugusana na jibini na hayakukaa juani, yasage jusi usiku ule ule. Jibini iliyopitisha muda wake nje itupe, hata ikiwa nusu kilo na umeilipia ghali. Na stima ikipotea mchana wa shughuli, usilifungue friji mpaka dakika ya mwisho; likifungwa vizuri hushika baridi kama saa nne.