Jibu: Kwa nini "run" inawasumbua wanafunzi Wachina

Ndugu, umeuliza kwa nini mwanafunzi wako Mchina wa Kiingereza akisoma "she runs a shop", yaani anaendesha duka, anadhani huyo mama anakimbia dukani. Hana kosa. Kamusi ndogo humpa neno moja tu, pǎo, yaani kukimbia kwa miguu, naye analibeba kila mahali.

Kichina kina vitenzi tofauti kwa kazi nyingi za "run". Kuendesha biashara ni jīngyíng, programu ya kompyuta kufanya kazi ni yùnxíng, kugombea uchaguzi ni jìngxuǎn. Maji na kamasi vyote hutumia liú, kutiririka. Anzia hapo, ataelewa haraka, maana Kiingereza nacho kinavichanganya: "running water", "runny nose".

Tafadhali usimkaririshe orodha ndefu ya maana, utamchosha bure. Mzoeze kutazama kinachofuata kitenzi: run a company, run for president, run out of sugar. Hiyo ya mwisho ikazanie sana, kwani sukari imekwisha na hakuna aliyekimbia. Kichina husema yòngwán le, imetumika ikaisha. Na daftarini aandike sentensi nzima, si neno peke yake.