Mama ana betri ya moyo: kabla hajapimwa MRI

Dada yangu, umeuliza kama mama yako, aliyewekewa betri ya moyo (kifaa kinachosaidia mapigo ya moyo, yaani pacemaker), anaweza kupimwa MRI ya mgongo, yaani kupigwa picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku. Nakusihi uwaarifu wataalamu wa radiolojia leo, usingoje siku ya kipimo, kwa sababu sumaku ya mashine hiyo, ambayo kwa kawaida ina nguvu ya tesla 1.5 au 3, hubaki ikivuta hata pasipo na mgonjwa ndani, na baadhi ya betri hizo huvurugika zikiikaribia. Nenda na kadi ya betri hiyo, maana aina yake ndiyo itakayoamua kama anaweza kupimwa. Avue hereni, bangili, hata pini ndogo za mtandio. Mashine hugonga kwa kishindo, kwa hiyo apewe viziba masikio.