Hapa hakuna shikamoo

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tanga, nina miezi miwili Granada, Uhispania, nasoma shahada ya uzamili. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, miaka sabini na kitu. Msimamizi wangu chuoni ni mtu mzima, mvi zimemjaa, lakini anataka nimwite kwa jina lake tu na nimwambie "tú" kama ninavyoongea na mwenzangu. Mdomo unagoma. Bibi naye ni mtu wa amri: kaa, kula, funga mlango, tafadhali sijaisikia hata siku moja. Jumapili tukila tunakaa mezani mpaka giza linaingia, na nikinyanyuka ananuna. Lililoniuma zaidi ni la juzi. Niliingia duka la samaki, nikakuta watu wamesimama ovyo, hakuna foleni, nikasogea kwa muuzaji. Mama mmoja akanipandishia sauti mbele ya wote kwamba nimempita. Nilirudi chumbani nikalia. Ni rangi yangu, dada? Halafu mimi ni Mwislamu, na kila ninachoagiza kinakuja na nguruwe.

Msomaji, Granada

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nilifika mji huo Septemba 2014, nikakaa miaka miwili, nikarudi Mombasa. Machozi ya chumbani nayajua.

Nianze na samaki. Foleni ilikuwepo, ila haionekani kwa macho. Dukani, sokoni, hata kwa daktari, Mhispania akiingia huuliza kwa sauti: "¿Quién es el último?", yaani nani wa mwisho. Mmoja atajibu "yo", mimi. Basi zamu yako imeshafungwa nyuma yake, unaweza kukaa kitini, kuzunguka, kuangalia kamba na ngisi. Anayeingia baada yako akiuliza, wewe ndiye wa kujibu. Usipouliza, kwao umeingia kama mtu aliyevunja mlango. Yule mama angemfokea hata mpwa wake.

Lakini sitakudanganya kwamba rangi haina neno huko. Mimi niliambiwa kwa simu kwamba chumba kipo, nikafika mlangoni na mkoba wangu, mwenye nyumba akanitazama juu mpaka chini, akasema ameshampa mtu. Wiki iliyofuata karatasi ya tangazo ilikuwa bado imebandikwa kwenye nguzo ile ile. Hiyo ni rangi, na usikubali mtu akwambie umeelewa vibaya. Tarehe 5 Januari jioni, kwenye maandamano ya Mamajusi watatu, miji mingi imezoea kumpaka masizi Mzungu ili awe Baltasar, yule Mamajusi mweusi. Hilo sikulizoea na wala sikutaka kulizoea. Ila kabla ya Pasaka utakutana na watu waliovaa kanzu na kofia ndefu zenye ncha, nyuso zimefunikwa. Usikimbie kama nilivyokimbia mimi. Ni vyama vya toba vya Kikatoliki, na vazi lile ni la kale kuliko wale wabaguzi wa Marekani, Ku Klux Klan, waliolifanya litishe. Kwa hiyo pima jambo moja moja. La samaki lilikuwa zamu.

Kuhusu msimamizi wako, "usted" ya heshima ipo katika lugha. Ungekuwa Bogotá, Kolombia, ungeisikia hata kwa marafiki. Uhispania kwa sehemu kubwa wameiweka kando, na mwalimu ukimwita hivyo anahisi umemzeesha au umemkasirikia. Nilichofanya mimi: barua pepe ya kwanza niliandika kwa "usted", naye alipojibu kwa "tú" nikamfuata. Ilinichukua muhula mzima ulimi ukubali. Kilichonisaidia ni kuona adabu yao wameiweka wapi. Utaingia kwenye lifti na watu usiowajua, kila mmoja atasema "buenos días". Utapita karibu na mtu anakula, utamtakia chakula chema. Ukitoka chumba cha kusubiri kwa daktari, unawaaga wagonjwa wote, "hasta luego", ingawa hamtaonana tena. Sisi tuna hodi mlangoni, wao wana hiyo. Usipoisema wanakuona huna malezi, hata ungeinama mpaka sakafuni kwa profesa.

Sasa bibi. Huyu ndiye niliyetaka kumfikia.

Kihispania cha nyumbani ni cha amri. Kahawa hawaiombi, wanasema niwekee kahawa, na hakuna anayeumia. Sikiliza neno linalofuata baada ya amri. Kama ni "come, hija", basi amekuambia kula, binti yangu. Hebu msikilize leo usiku.

Na ile meza unayoikimbia, ina kitambaa kizito kilichofika chini? Kama ipo, chini yake kuna "brasero". Zamani lilikuwa sinia la makaa, siku hizi ni hita ya umeme. Granada iko kwenye mita 700 hivi juu ya bahari, na juu yake kuna milima ya Sierra Nevada yenye theluji, ilhali nyumba nyingi za zamani ni baridi kama kisima. Novemba ya kwanza nilikuwa nalala na soksi mbili na koti. Jioni moja bibi niliyepanga kwake aliniona natetemeka, akaninyanyulia pindo la kitambaa, akaniamuru: ingiza miguu. Nikaingiza. Akanifunika magotini na kitambaa kile, akakibana pembeni moto usitoke, kama anayefunika sufuria ya wali. Kuanzia magotini kwenda chini nilikuwa Mombasa.

Kihispania changu kimetoka mezani pale, darasani nilipata sarufi tu. Usiku mmoja alikuwa ananisimulia ugomvi wa jirani, "fulano" kafanya hivi, "fulano" kasema vile. Nikaruka: fulani! Akadhani nimeungua. Nikamweleza kwamba kwetu ni neno hilo hilo, kwa maana hiyo hiyo. Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Azúcar, sukari. Azafrán, zafarani. Ile "hasta" ya kuagana ni hata yetu. Alcalde, meya wao, ametoka kwenye jina la kadhi. Waarabu waliingia huko mwaka 711, na Granada ndiyo iliyoanguka mwisho mikononi mwa Wakristo, Januari 1492, kwa hiyo maneno yalipata muda wa kukaa. Alikuwa akikumbuka neno usiku ananigongea mlango. Sasa ukinyanyuka mara tu unapomaliza kula, mdogo wangu, unaondoka wakati mambo yanaanza. Wana hata jina la muda huo, "sobremesa", na bibi mjane anausubiri wiki nzima.

Saa zao za kula mchana pia usizilaumu sana. Tangu 1940 saa ya Uhispania inakwenda na ya Ujerumani, wakati jua lao ni la London. Majira ya joto, saa nane na robo mchana kwa saa ya ukutani ndipo jua linapofika utosini Granada. Kwa hesabu yetu ya jua, hicho ni chakula cha saa sita.

Nguruwe: ukisema huli nyama watakuletea "jamón", paja la nguruwe lililokaushwa, maana kwa wengi jamón si nyama, ni jamón tu. Itaje kwa jina, "sin jamón, sin cerdo", yaani bila jamón, bila nguruwe, kila mara, hata kwenye kile kisahani cha bure kinachokuja na soda. Mtaa wa Albaicín kuna msikiti uliofunguliwa 2003, uwanja wake unalitazama kasri la Alhambra, na huko utapata wa kukuelekeza nyama halali. Bibi mwambie mapema, kabla hajabandika chungu. Wangu alisikitika kweli kweli, akasema dengu bila soseji ni maji. Kesho yake nikakuta sufuria mbili jikoni, kubwa yake na ndogo yenye jani la bay na paprika, na mwanawe alipokuja kufunua ile ndogo alipigwa mkono kwa mwiko: acha, hizo za binti.