Ankara zangu zinaishia kwenye barua taka

SWALI: Mtaalamu, ninatunza hesabu za biashara ndogondogo nikiwa nyumbani. Ili wateja wanichukulie kwa uzito, niliacha Gmail, nikalipia domeni (jina langu mwenyewe la mtandaoni) na kuanza kutumia anwani ya info@ yenye jina la biashara yangu. Tangu hapo wateja wanasema ankara zangu hawazioni, wakizitafuta wanazikuta kwenye barua taka. Fundi wangu anasema ni kwa sababu sina tovuti kubwa wala anwani ya ofisi, na ananiuzia kifurushi cha vyote viwili. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Fundi wako simjui, lakini maneno yake nayasikia kila wiki na yamenichosha. Seva, yaani kompyuta inayopokea barua za mteja wako, haihesabu kurasa za tovuti yako, wala haijui kama ankara umeiandika ofisini au kwenye meza ya kulia chakula. Anwani ya ofisi ya kukodi ina faida yake, hasa kwa mtu asiyetaka wageni wamgongee mlango wa nyumbani, ila kwa tatizo lako haisaidii chochote.

Seva inataka kwanza kujua kama aliyetuma ameruhusiwa na mwenye domeni. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, ulipoandikwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kuhakiki mtumaji. Yeyote aliweza kujiandika jina lolote, na matapeli wakajinoma. Ndiyo maana siku hizi mwenye domeni anaweka rekodi tatu kwenye DNS, orodha ya mtandaoni inayotunza taarifa za domeni: SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, DKIM inawezesha kuhakiki saini iliyo kwenye kila barua, na DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini hizo mbili zikigoma. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM angalau. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku anatakiwa awe na zote tatu, lakini ziweke zote hata kama unatuma ankara kumi kwa mwezi.

Ulipokuwa Gmail, Google walikufanyia yote hayo kimyakimya. Ulipohama ili uonekane wa kikazi, kazi hiyo ikawa yako, na fundi hakukuambia. Pengine hajui.

Jipime mwenyewe. Jitumie ankara kwenye akaunti yako ya zamani ya Gmail, ifungue kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni mwa barua na uchague kuiona katika umbo lake la asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na neno PASS au FAIL. Isiyoonekana kabisa, huenda haijawekwa. Angalia pia kama una mistari miwili ya DNS inayoanza na v=spf1. Mteja wangu mmoja alikuwa nayo, mmoja wa kampuni iliyohifadhi tovuti yake, mwingine wa programu ya ankara. Ikiwa miwili, SPF yote inahesabika mbovu. Niliiunganisha ikawa mmoja, kazi ya dakika chache. Na anayekuahidi kwamba barua zako zitaingia kikasha kikuu asilimia 100, mkimbie. Uamuzi huo ni wa seva ya mpokeaji.

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo ambalo hukuuliza. Hiyo domeni imeandikishwa kwa jina la nani? Nimekutana na wengi waliohangaikia nembo na saini ya barua, kumbe domeni iko kwenye akaunti ya fundi, na taarifa za kulipia upya zinamwendea yeye. Mkikosana, au akibadili simu, inaisha muda bila wewe kujua. Kwa .com, kampuni ya usajili inaweza kukuvumilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za kuikomboa, mara nyingi kwa gharama ya juu, kisha siku 5 za kusubiri ifutwe, halafu yeyote anaichukua. Atakayeichukua atapokea barua zote zinazotumwa kwa info@ yako, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti ulizofungua kwa anwani hiyo.

Kwa hiyo kabla hujazungumzia kifurushi, mwombe fundi akupe nywila ya akaunti ya usajili. Akianza kuzunguka, hamisha domeni kwanza, hizo rekodi tatu zitafuata.