Kabla Hujashika Brasso: Kwa Wanaotaka Kutengeneza Kofia za Vita za Zamani

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Moshi. "Shikamoo fundi. Familia yetu ina kofia ya babu mzaa babu, ile ya askari wa Mjerumani, ina nembo ya ndege tai mbele. Imechanika na imefifia. Nataka kubadilisha kitambaa, nimng'arishe tai, halafu niiuze kwa Wazungu. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Anza kwa kuirudisha kofia mahali ulipoitoa.

Tarbushi ya askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, ina kiunzi cha fito zilizosukwa, juu yake kitambaa cha kaki, nyuma kipande cha kufunika shingo, na mbele tai wa dola ya Ujerumani. Ni kitu chepesi, cha kuvaliwa na kuchakaa. Jeshi lile lilipigana Tanga Novemba 1914, likazunguka hadi Msumbiji, na lilipoweka silaha chini kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ilikuwa 25 Novemba 1918. Fito na kitambaa ngapi zilivuka mvua zote hizo? Chache. Za kughushi ndizo nyingi, na jambo la kwanza linaloziumbua ni upya wake. Sasa wewe unayo ya kweli na unataka kuivalisha kitambaa kipya! Ukimaliza utakuwa na tai wa zamani aliyekaa juu ya kofia ya juzi, na mnunuzi mwenye akili atakulipa bei ya tai.

Ukitaka kazi ya kufanya, kaa na wazee. Andika jina la huyo babu, alikoandikishwa, aliyeitunza kofia baada yake, na kama kuna picha itafute. Karatasi hiyo itaongeza bei kuliko sindano yako. Na ukishaandika yote huenda usitake kuuza tena, lakini hilo ni lako na ndugu zako.

Najua wengi mnaonifuata mna njaa hiyohiyo ya kuishi kwa mikono yenu, kwenye soko la watu wenye pesa. Nami nilikuwa hivyo. Nimezaliwa Tanga, mjomba akanifundisha kushona viatu na mikoba, nikaja Hamburg. Miaka ya katikati siisimulii, ilikuwa ya kuosha vyombo. Kilichonitoa jikoni ni msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Mzee mmoja mkusanyaji aliona nilivyoshona mkoba wake, akaniletea Pickelhaube, ile chapeo ya Wajerumani yenye mwiba juu. Prussia iliianzisha mwaka 1842, na ile ya kawaida ya askari ilikuwa ya ngozi iliyokazwa na kupakwa lakiri nyeusi, rangi ngumu ya kung'aa. Kwa fundi wa ngozi ni kitu cha kukosesha usingizi. Mshono wa nyuma, ukingo wa mbele ulioshonwa kwa mkono, matundu madogo yaliyopangwa sawasawa. Nilijua siku ileile kwamba kazi hii naiweza kuliko wengi waliozaliwa nayo, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa niwaeleze kwa nini nakuwa mkali.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale aliniletea chapeo ya askari wa kawaida wa Prussia, ya mtindo wa 1895. Mshono wa nyuma ulikuwa umeachia, ngozi imesinyaa, lakiri inabanduka, na kokadi ya kushoto, kile kisahani cha rangi za nchi kinachokaa ubavuni, haipo. Niliiweka ndani ya kasha lililofungwa pamoja na kitambaa chenye unyevu, visigusane, mpaka ngozi ikalegea kidogo kidogo. Nikaijaza karatasi ili irudi kwenye umbo. Kwa ndani nikaunga ufa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, maana gundi hiyo atakayekuja baadaye ataitoa kwa maji kidogo bila kuumiza ngozi. Nikashona kwa uzi wa kitani nikipita matundu yaleyale ya zamani. Sikutoboa hata moja jipya. Kokadi nyeusi na nyeupe ya Prussia nikaitengeneza upya, nikaigonga muhuri wangu na mwaka kwa nyuma, kisha nikaandika kila kitu kwenye karatasi na kuichomeka chini ya bitana.

Yule bwana akatoa karatasi, akasugua muhuri, akaipeleka mnadani kama chapeo isiyoguswa na mtu tangu vitani. Mnunuzi akaimulika kwa taa ya urujuanimno, na rangi ya kokadi ikawaka kama taa ya disko, dalili ya rangi ya siku hizi. Kesi ikaanza. Mnajua nani aliitwa mghushi? Si aliyesugua muhuri. Huyo bado anauza, tena anasalimiwa kwa heshima zote. Aliyeitwa mghushi ni "yule Mwafrika anayetengeneza." Kazi zilikauka kwa muda mrefu, na wengine niliowatengenezea vizuri wakajifanya hawanijui. Nimesamehe, wanasema mtu asamehe. Kusahau sijaambiwa.

Nilijifunza kuwajua wakusanyaji. Wapo wanaotaka chapeo kama ilivyoshushwa darini, na vumbi lake, na buibui wake kama yumo. Wapo wanaotaka ing'ae kana kwamba Kaisari anapita kesho. Hawa wa pili siwapotezei maneno. Wa kwanza wana haki kwenye jambo moja kubwa: rangi. Ukipaka lakiri mpya chapeo nzima umefunika ushahidi wote, na hakuna wa kukuambia tena palipokuwa na nini. Lakini wakisema mkono wowote ni uharibifu, nawaambia wageuze chapeo wasome mihuri kwenye kilinda shingo. Nyingi zina zaidi ya mmoja: kikosi hiki kimeitoa, mwaka fulani imegongwa tena, imepewa mwingine. Jeshi lenyewe lilizitengeneza. Mwaka 1897 ilipoamriwa kila mmoja avae pia kokadi ya dola, nyeusi, nyeupe na nyekundu, upande wa kulia, chapeo kuukuu nazo zilifanyiwa kazi. Kiraka cha fundi wa kikosi wanakiita historia, changu wanakiita doa. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuwa na sababu ya kuficha na mimi nashukiwa ninayo. Kwa hiyo dawa ni kutoficha, ndugu zangu.

Vivyo hivyo kwa kununua. Ng'oa bamba la mbele taratibu, uangalie matundu. Tai wa Prussia na bamba la Bavaria lenye simba havikai kwenye matundu yaleyale kila mara. Ukikuta matundu ya ziada chini ya bamba, uliza bamba la kwanza lilikwenda wapi. Zimejaa chapeo zilizoungwa kutoka tatu au nne, zikauzwa kama moja, na muuzaji anakutazama machoni.

Brasso sasa. Acheni Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba! Inakwangua madini, inakula dhahabu au fedha iliyopakwa juu, na inaacha unga mweupe kwenye kila mshono na kila manyoya ya tai, unga usiotoka. Mtindo wa 1915, wenye mwiba wa kuchomolewa, vyuma vyake vilifanywa vya kijivu kwa sababu shaba ilitakiwa kwa kazi nyingine za vita. Nimeshaletewa mmoja uliosuguliwa hadi ukatoka weupe. Mwenyewe alitabasamu akisubiri nimsifu.

Mafuta ya ngozi na dawa ya viatu navyo acheni. Mafuta ya kwato yanaingia mpaka kwenye uzi, yanautia weusi, na ngozi inakuwa ya kunata ikivuta vumbi. Brashi laini, kitambaa kikavu, na juu ya chuma nta nyembamba ile iliyobuniwa British Museum. Basi.

Wa Kenya, Uganda na Malawi mnaoniuliza habari za fezi nyekundu za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza: hizo ni sufu, adui ni mdudu nondo. Msifue kamwe. Nyekundu itatoka na sufu itasinyaa. Funga ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza kali wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda juu ya sufu yenyewe. Kisha brashi. Tundu lililoliwa liachwe, au liwekewe kipande cha sufu kwa ndani kwa mishono michache inayoonekana. Helmeti nyingi za jua za Waingereza ni koki kwa ndani, zikivunjika ni hadithi nyingine na mara nyingi sizigusi.

Nitarudia maana najua hamtasikia: andikeni. Piga picha kabla, wakati, na baada. Andika kilichoongezwa, kwa nini, na kinatokaje. Mnaoficha kazi yenu mnadhani mnaupandisha ufundi, kumbe mnawapa wezi chakula, na anayelipa ni fundi mwingine. Kazi nzuri haiogopi kuonekana. Kama yako inaogopa, rudi ukajifunze.

Mimi siku hizi sipokei chapeo bila mkataba uliosainiwa unaosema nakala ya maelezo na picha zote inabaki kwangu, na mnunuzi yeyote akiuliza namtumia. Muhuri naugonga zaidi ya mahali pamoja, na mwingine uko chini ya mshono, huufikii bila kufumua. Mfanyabiashara akija na kikohozi kile cha adabu, akauliza kama muhuri unaweza kuachwa "kwa hii moja tu," namfungashia chapeo yake vizuri kwa karatasi laini na kumwonyesha kituo cha basi.